Kode ya Yaya Mukuna

Mignonne Nkulu alikuwa mwalimu wa informatiki katika shule moja ya sekondari huko Manika, mjini Kolwezi. Siku Mama Ngalula, mwimbaji wa kwaya ya mama yake, alipompigia simu, alikuwa amekaa nje ya darasa lake akila muhogo wa kuchoma.

"Mwana, nyimbo za mama yako haifunguke tena," Mama Ngalula alisema. "Tumejaribu shiye bote. Simu yangu, ya Tshibola, ya batoto. Inatuuliza kode. Zamani haikuulizaka kode."

"Labda umeme ulikatika, Mama."

"Umeme iko. Mashini yenu inanguruma, baba yako anaisikia. Mignonne, fanya mbio. Tuko na jumamosi mbili tu, kisha banavunja kapela."

Mashini yenyewe ilikuwa seva ndogo ya nyumbani. Kaka yake mkubwa, ambaye Mignonne alimwita Yaya Mukuna, aliiunda aliporudi kutoka masomoni Lubumbashi: kompyuta kuukuu, ordinateri kama walivyoiita, yenye diski mbili, ikawekwa kwenye koridoo ya nyumba ya baba yao huko Dilala, katika kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi. Aliyekaa karibu na nyumba alishika mtandao wake kwa simu na kuchukua alichotaka, filamu, masomo ya watoto, na hasa nyimbo. Mama yao, Ernestine, ndiye aliyeongoza kora, ile kwaya ya wanawake wa kapela, kanisa dogo la kambi, na mazoezi yalifanyika sebuleni kwake kila jumamosi. Mukuna alining'iniza mikro kwenye pazia na kurekodi yote. Ernestine alikufa kwa ugonjwa wa figo, mazoezi yakahamia kapelani, lakini sauti yake ilibaki kwenye ile mashini, na wanawake walizoea kuja kukaa ukutani nje na kumsikiliza.

Sasa kambi yote ilikuwa inaondolewa. Mwaka ule bei ya kobalti ilikuwa imeanguka vibaya. Wachimbaji walifukuzwa mashimoni, maduka ya wanunuzi yakafungwa, na kampuni iliyochimba upande wa pili wa ukuta iliamua kuifuata shaba iliyokuwa chini ya nyumba za watu. Kila familia ilipakwa namba nyekundu mlangoni. Wengine walipewa nyumba kwenye kiwanja kipya, mbali na mji, wengine walikwenda Likasi au Lubumbashi kwa ndugu zao. Kora ilikuwa inatawanyika. Ndiyo maana wanawake walizitaka zile nyimbo.

Mignonne alijaribu kwanza kwa simu yake, kwa neno la siri alilolijua tangu siku mashini ilipowashwa. Ilimkatalia. Akampigia kaka yake, simu ikaita mpaka ikachoka. Baadaye Mukuna akamtumia ujumbe: "Achana na hiyo mashini. Nitapita."

Hakupita. Mukuna siku hizi alikuwa na kazi ya kusema na wakaazi kwa niaba ya kampuni. Alivaa kizibao cha kung'aa na kuzungushwa kwa jeepu, na watu wa kambi walikuwa wameanza kunyamaza anapokaribia.

Mignonne aliazima skrini na kibodi shuleni, akazifunga kwa mpira nyuma ya pikipiki ya taxi-moto, akaenda Dilala.

Alikuwa hajafika kwa wiki kadhaa, na alishtuka. Nusu ya nyumba zilikuwa zimeng'olewa mabati. Waliohama walikuwa wamebeba hata mabakuli ya vyoo, na mabomba yaliyobaki wazi yalimwaga uchafu katikati ya njia. Mbwa walilala kwenye vyumba vya watu. Kwenye baraza moja mtu alikuwa amejisaidia, akafunika kwa gazeti, na nzi walilizunguka lile gazeti kama wateja. Hiyo ilikuwa nyumba ya mwalimu wake wa darasa la kwanza. Mignonne aliziba pua kwa kitambaa cha kichwa, akamwambia dereva aongeze mwendo.

Baba yake, Tata Nkulu, alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza redio, mguu wake mbovu ameunyoosha mbele. Alikuwa fundi wa mashine za kuponda mawe, amestaafu zamani. Ukuta wa sebule ulikuwa umepasuka tangu dari mpaka sakafu kwa sababu ya baruti za mgodini, naye alikuwa ameuziba ufa kwa matambara.

"Umekuya na televizyo?" aliuliza.

"Ni skrini, Tata. Nataka kufungua mashini."

"Kaka yako alisema pasiwe muntu wa kuigusa."

"Alisema lini?"

"Alipokuwa anakuyaka na kamera yake. Alikuwa anakaa pale, masikio yamefungwa na bile bintu, anafanya kazi." Tata Nkulu alizima redio. "Mi sikumuuliza. Nilifurahi tu kwamba mutoto anafika."

Mashini ilikuwa chini ya rafu ya viatu. Ilinguruma kweli, lakini Mignonne alipounganisha skrini haikuonyesha kitu. Aliizima na kuiwasha tena. Ikalia mara tatu, ikanyamaza. Alijua mlio ule. Vipande vya kumbukumbu ndani ya mashini havishiki vizuri. Akaenda kufungua ubavu wa kasha, na hapo mende wakamwagika.

Walitoka kama maji, wakubwa kwa wadogo, wakapita juu ya mikono yake, wakaingia kwenye viatu. Mmoja alipanda ndani ya mkono wa blauzi. Mignonne alipiga kelele, akajigonga ukutani, akamponda humo humo kwenye nguo, akahisi utepe wa majimaji ukitiririka kwenye kwapa. Ndani ya kasha kulikuwa na vumbi jekundu la mgodi lililoshikana na mavi ya mende na mkojo wa panya, na joto la mashini lilikuwa limeupika mchanganyiko ule mpaka ukanuka kama samaki waliooza. Alitoka nje, akatapika muhogo wote.

"Wacha tu," baba yake alisema, akimletea maji.

"Hapana, Tata. Wanawake wanangojea."

Akafunga mfuko wa plastiki mikononi, akarudi. Alifagia kwa brashi ya meno, akafuta kwa pamba yenye alkoli, akachomoa vipande vya kumbukumbu na kusugua meno yake ya shaba kwa raba ya kufutia penseli, kama alivyowafundisha wanafunzi wake. Waya wa mtandao ulikuwa umetafunwa kiasi, akabadilisha. Mara hii mashini haikulia. Skrini ikawaka, ikapanga mistari yake myeupe, ikasimama kwenye swali: jina nani, kode gani.

Jina lake lilikuwa bado limo. Kode yake ndiyo iliyobadilishwa, na folda zilizokuwa wazi kwa kila mtu zilikuwa zimefungwa.

Kwa mtu aliyekaa mbele ya mashini yenyewe, hilo si kikwazo kikubwa. Aliizima, akaiwasha, akaisimamisha kabla haijaamka kabisa, akaingia kwa njia ya mafundi, pale ambapo mashini haiulizi wewe ni nani. Akaandika amri ya kuweka kode mpya. Akaiandika mara ya pili kuithibitisha. Akaiacha mashini iamke kwa kawaida, na ikamfungulia.

Kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba diski ya pili, ile ya nyimbo, ilikuwa imejaa mpaka pomoni. Cha pili, folda ya kora ilikuwa na wimbo mmoja tu.

"Tata, nyimbo zilikuwa nyingi, sivyo?"

"Ni miaka na miaka ya nyimbo. Juu ya nini unauliza?"

Mignonne alifungua folda iliyokuwa imekula nafasi yote. Zilikuwa video za kambi. Akafungua ya kwanza, baba yake akavuta kiti.

Alionekana Tata Kabemba, jirani yao wa mkabala, akicheka hadi machozi. Kuku alikuwa ameingia kwenye sanduku la mke wake na kukataa kutoka, na mke alikuwa anamvuta mkia. Kisha sauti ya Mukuna ikasikika nyuma ya kamera, tamu kama ya mchumba: "Tata Kabemba, sema kidogo, unajisikiaje kuhama?" Kicheko kikafutika usoni mwa yule mzee. "Mi siendi," alisema. "Bataniponda humu ndani. Andika vile." Na Mukuna akamwambia, kwa sauti ile ile, "Asante, Tata, ni vizuri sana."

Ya pili ilikuwa Mama Tshibola amekaa kwenye kaburi la mtoto wake nyuma ya kapela, akiuliza kama makaburi nayo yatapewa nyumba. Alilia mpaka kamasi zikamshuka kwenye midomo, na kamera haikuondoka. Ilimsogelea.

Mwisho wa folda kulikuwa na filamu iliyokamilika. Mignonne aliifungua. Kwenye jua zuri la asubuhi Tata Kabemba alikuwa anacheka, na chini yake paliandikwa kwamba wakaazi wanafurahia maisha mapya. Mama Tshibola aliinua mkono, ule mkono aliouinua kujifuta uso, lakini kipande kilikuwa kimekatwa mapema na sasa alionekana anaaga. Watoto wakakimbia. Nyumba mpya zikapita zimepangwa mistari. Na juu ya yote hayo ikaimba sauti ya Ernestine. Ulikuwa ule wimbo wa shukrani alioutunga mwenyewe, siku Mignonne alipopona surua. *Umetutoa gizani, tunakushukuru.* Kora nzima ikaitikia nyuma yake, kwa furaha, sebuleni, pale pale walipokuwa wamekaa.

Filamu iliisha. Tata Nkulu alinyanyuka, akaenda kwenye pipa la maji, akasukutua kinywa na kutema, akasukutua tena.

Mignonne alijua kitu kimoja: kilichofutwa kwenye diski hakiondoki papo hapo. Kinabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Aliichomoa ile diski mara moja, akaifunga kwenye taulo. Alikuwa anaiweka kwenye mkoba wakati jeepu iliposimama nje.

Mukuna aliingia na kizibao chake cha kung'aa, na karatasi ya michopo, nyama ya kuchoma, mkononi, mafuta ya mbuzi yakimchuruzika vidoleni. Alimpa baba yake karatasi.

"Nimekuletea nyama, Tata." Kisha akaona skrini. "Mignonne! Nilikuambia nini?"

"Yaya, nyimbo za mama ziko wapi?"

"Zipi?"

"Usiniulize zipi."

Mukuna alilamba kidole gumba. "Diske ilijaa. Video ni nzito, we mwenyewe unajua. Bakubwa balitaka filamu haraka, ningefanya nini? Niliacha ile moya, ile ya muzuri."

"Ulizifuta."

"Mama alishakufaka, mudogo wangu. Mi sikumuua. Zile zingine ni kukohoa tu, na kugombana na ba-Tshibola juu ya sauti. Nani anasikilizaka?"

"Wanakuja kila siku! Wanakaa pale ukutani!"

"Na ukuta banavunja." Alicheka kidogo, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Sikia. Kwa kazi hii tata anapata nyumba ya kona, yenye kisima. Nilikuwa nafikiria familia."

Kipande cha nyama kilikuwa kimeshika kwenye pengo la meno yake. Mignonne alikitazama kikitembea anavyosema. Huyu ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka maji ya mvua kwenda shule. Alitafuta ndani yake hasira, apige kelele, na hakuipata. Alichopata ni kitu kile kile alichohisi mende alipopasuka kwenye nguo yake. Alitamani tu kunawa.

"Na watu?" aliuliza. "Tata Kabemba alisema haendi. Ukamwonyesha anacheka."

"Si alicheka kweli? Sikumuchora."

Hapo Tata Nkulu akasema. Alikuwa ameshika ile karatasi ya nyama bila kuifungua.

"Mukuna. Ile sauti ni ya bibi yangu. Nani alikuruhusu?"

"Tata, mama angefurahi. Banamusikia mpaka Lubumbashi, mu hoteli kubwa."

"Nimekuuliza nani."

Mukuna alitazama saa yake. Tata Nkulu aliiweka nyama chini kwenye kizingiti, taratibu, kama mtu anayeweka kitu kisicho chake.

"Hii nyumba ya kona, ukae we mwenyewe," alisema. "Mi nitaenda ku Manika kwa Mignonne."

"Tata, karatasi zimeshaandikwa kwa jina lako."

"Basi utaambia bakubwa bako kwamba nilicheka."

Mukuna aligeuka kurudi kwenye jeepu. Alipoondoka aliiokota nyama yake.

Siku zilizofuata Mignonne alikaa maabara ya shule kila alipomaliza vipindi, na ile diski imeunganishwa kwenye ordinateri nyingine, programu ikipekua chembe kwa chembe. Kilichopatikana kilikuja bila majina na bila mpangilio. Mafaili mengi yalikuwa yamefunikwa na video. Alifungua moja akasikia mstari wa kwanza wa zaburi, kisha mngurumo wa buldoza. Nyingine ilianza na sauti ya alto ya Mama Ngalula ikamalizikia katikati ya neno. Lakini nyingine zilitoka nzima. Na kipande kimoja hakikuwa wimbo kabisa. Ernestine alikuwa anakohoa, anaomba maji, kisha anasema: "Tshibola, unaimba kama muntu anayeuza samaki. Tuanze tena." Wanawake wakacheka wote. Mignonne alikirudia mpaka mlinzi wa shule akaja kufunga.

Aliwawekea wanawake zilizopona kwenye kadi ndogo za simu. Na wale waliokuwa kwenye video, alimpelekea kila mmoja kipande chake, kizima, kama kilivyorekodiwa. Aliwaambia pia kuhusu filamu. Tata Kabemba alisikiliza, akasema, "Mukuna wa Ernestine? Yule niliyemufundisha kinga?" Kinga ndiyo baiskeli. Akaingia ndani.

Sherehe ya kukabidhi funguo ilifanyika kwenye kiwanja kipya, chini ya mahema meupe, juani. Hapakuwa na mti hata mmoja. Watu walikwenda, kwa sababu usipokwenda hupati ufunguo, na kapela ilikuwa imeshalazwa chini. Mignonne alimsindikiza Mama Ngalula. Huyu alikuwa ameshatolewa kambini mara moja, akiwa msichana, mwaka wa tisini na tatu, wakati watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga. Familia yake ililala gare, kwenye kituo cha treni, pamoja na maelfu ya wengine, na mdogo wake alifia pale kwa kuhara, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Mwenyewe alirudi miaka kadhaa baadaye, kwa kuolewa.

"Ile mara balitutukana," alisema, akipepea uso kwa kitambaa. "Sasa banatupa soda."

Hotuba zikapita. Skrini kubwa ikawashwa. Ernestine akaanza kuimba.

Mignonne alikuwa amewaambia, lakini kuambiwa ni kitu kingine. Wanawake wa kora waligeuka wote pamoja, kama vile mtu amewaita kwa nyuma. Mama Ngalula akashika mkono wa Mignonne akaubana. Kisha uso wa Tata Kabemba ukajaza skrini, meno yote nje, na wageni wa mstari wa mbele wakaanza kupiga makofi.

Tata Kabemba alisimama. Alikuwa mzee mfupi, kwenye koti la harusi yake.

"Nilikuwa nacheka kuku!" alisema kwa sauti.

Watu wengine wakacheka.

"Nasema, ilikuwa kuku! Mu valizi ya bibi yangu!" Aligeuka kuwatazama majirani zake, mmoja mmoja. "Nilisema siendi. Munanijua. Nilisema siendi!"

Vicheko vikafa. Fundi wa spika, asijue la kufanya, aliongeza sauti, na Ernestine akaimba kwa nguvu zaidi, *tunakushukuru, tunakushukuru*, mpaka spika zikawa zinakwaruza. Mama Tshibola alijifunika uso wote kwa kitenge kabla hajajiona. Mukuna alikuwa amesimama kando ya skrini na mikono nyuma. Aliangalia chini, kwenye viatu vyake vipya.

Hakuna aliyeizima filamu. Ilikwisha yenyewe, watu wakaitwa majina, wakachukua funguo. Tata Kabemba naye aliitwa. Alikwenda, akachukua ufunguo wake, akarudi akakaa, na mkewe akampangusa jasho.

Wiki iliyofuata wanawake sita wa kora, waliokuwa bado Kolwezi, walikutana kwenye chumba cha Mignonne huko Manika. Tata Nkulu aliwawekea viti. Waliimba kutoka kwenye zile nyimbo zilizopona. Mignonne alipopendekeza wimbo wa shukrani, Mama Ngalula alitikisa kichwa.

"Ile hapana."

"Ni wa mama, Mama Ngalula. Alitunga kwa ajili yangu."

"Nayua. Nilikuwa pale, ulikuwa na bidonda mwili muzima." Alimtazama kwa upole. "Nikiimba, naona ile soda. Mbele ya altari sitaweza. Ufute, ama uchunge mwenyewe, lakini shiye hatuimbe tena."

Wengine hawakubisha. Wakaimba nyingine.

Usiku haukuwa umeingia bado, walipokuwa wanaagana mlangoni, simu ya Mignonne ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Mukuna. Kampuni ilikuwa na mradi mwingine, mtaa wa Kasulo, na alihitaji ile mashini, ambayo Tata Nkulu alikuwa amehama nayo. Aliomba kode mpya. Alimalizia kwa kumsalimu baba.

Mignonne aliusoma mara moja. Akamwuliza baba yake kama ana la kumjibu Mukuna. Tata Nkulu alikuwa anakusanya viti.

"Muambie nimepona mguu," alisema.

Akaandika hivyo hivyo, kwamba tata amepona mguu. Kuhusu kode hakuandika kitu. Akaenda kunawa mikono, kisha akaanza kumenya vitunguu.